Marehemu Aliyepanda Miche Arobaini

Ilikuwa saa nne kasoro dakika tano asubuhi mashine ilipochapa jina la marehemu. Nina hakika na saa kwa sababu nilikuwa nimetoka tu kuitazama ile ya ukutani, nikijiuliza kama karatasi za wakulima wa Kamachumu zingemalizika kabla umeme haujakatika. Printa ilikuwa ikigonga mstari baada ya mstari kwa kelele ya cherehani mbovu, na Ma Paskazia alikuwa amesimama upande wa pili wa kaunta, khanga mabegani, viganja vyote viwili juu ya ubao kama mtu anayesubiri kupewa dawa. Alikuwa mjane wa miezi mitano. Wiki mbili nyuma alikuja na balozi wake wa nyumba kumi, wakaomba jina la mumewe, Laurian, liondolewe kwenye orodha ya wakulima wa kahawa na liandikwe lake, kwa kuwa yeye ndiye aliyebaki akilima. Nilibadilisha mwenyewe, yeye akitazama. Siku ile ile niliingiza pia idadi mpya ya mibuni yake, maana baada ya matanga alikuwa amepanda miche arobaini, na bwana shamba alikwenda akaihesabu. Sasa mstari wake ulitoka. Nilichana karatasi nikamsogezea Editha, mpiga chapa wetu, aliyekuwa karibu na kaunta. Editha akasoma, akasoma tena. "Proje," akaniambia kwa sauti ya chini, "marehemu ni mchapakazi. Amepanda miche arobaini tangu azikwe." Nikaichukua karatasi. Jina lilikuwa la Laurian. Idadi ya mibuni ilikuwa ile mpya. Kwenye mstari mmoja, nusu ilikuwa ya mwaka huu na nusu ya mwaka jana, na mimi niliyeandika nusu zote mbili sikuweza kusema kwa nini.

Mwezi uliopita tulimzika Ma Paskazia, Kamachumu, ndani ya kibanja chake mwenyewe, yaani shamba lake la ndizi na kahawa, hatua chache kutoka kwenye mibuni hiyo. Baada ya maziko tuliketi chini ya turubai tukila ndizi na maharage kwenye sahani za bati, na Editha, ambaye sasa ni bibi wa wajukuu na anatembea na fimbo, akaja kukaa karibu yangu. "Hivi, Proje," aliniuliza, "ile mashine ilikuwa na nini hasa? Miaka yote hii nimewaambia watu ilikuwa na pepo." Nilimweleza kwa muda wa kumaliza sahani nzima. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akasema pepo ni rahisi zaidi. Kazi hii ya kuandika programu nimeifanya kwa maisha yangu yote, nikijifunza kwa vitabu vya kuazima, na nimewafundisha wengine. Nimegundua kwamba vitabu vya kazi yetu vinatoa jibu tu, wala havisemi mtu huwa katika hali gani kabla ya jibu. Mwaka ule, wa foleni za sukari na za sabuni, nilikaa muda mrefu ndani ya hali hiyo. Nataka kuieleza kama ilivyokuwa.

Mashine ilikaa Miembeni, mjini, karibu na ziwa, katika chumba kilichokuwa stoo ya magunia ya mradi wa kahawa. Harufu ya magunia haikutoka kamwe. Sakafu ilipakwa rangi nyekundu, dirisha likawekwa wavu, na mlangoni pakaandikwa vua viatu, hivyo wakulima waliopita nje waliona safu ya ndala na viatu vya ofisini kama mlangoni mwa msikiti. Hata hivyo vijidudu vya ziwani vilipenya wavu, vikajibandika kwenye kioo cha mashine kwa sababu ya mwanga, na kila asubuhi kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuvifagia kwa unyoya wa kuku. Mashine ilikuwa na matundu mawili ya kuingizia diski. Diski ya programu ilikaa kushoto, na ya kumbukumbu kulia. Hiyo ya kulia ilikuwa na mafaili mawili: faili la wanachama, lenye namba ya mkulima, jina lake na mambo mengine machache, na faili la msimu, lenye idadi ya mibuni na kilo za kahawa. Haya nilifundishwa na injinia aliyeandika programu yenyewe, Bwana Mushi, mtu wa Moshi, aliyekaa nasi miezi michache, akala ndizi zetu mpaka akazizoea, kisha akahamishwa. Alinifundisha kuingiza majina, kuingiza kilo, na kuchapa. Mimi nilichaguliwa kwa sababu niliweza kupiga taipu kwa vidole vyote kumi. Namna programu inavyofanya kazi hakunifundisha, nami sikujua kwamba ni jambo la kuuliza. Niliamini kwamba mashine inapochapa inafungua faili, inasoma jina, inaliandika, kama mimi ningefanya kwa kalamu.

Asubuhi ile nilimwambia Ma Paskazia arudi baada ya siku mbili, kuna kosa dogo. Alinitazama bila hasira. "Kosa langu au lako, waitu?" akauliza, kwa neno letu sisi Wahaya la kumwita mtu kwa upole. Nikasema la mashine. Akatikisa kichwa, akavaa ndala zake, akaenda kusubiri gari la kupanda Kamachumu. Nikafungua faili la wanachama kwenye kioo. Jina lililokuwapo ni Paskazia. Nikachapa tena. Karatasi ikasema Laurian. Nikalifuta jina, nikaliandika upya herufi moja moja, nikafunga, nikafungua kuhakikisha, nikachapa. Laurian. Kioo kilisema hivi na karatasi ikasema vile, na vyote viwili vilikuwa vya mashine moja. Nakumbuka nilichukua karatasi nikaigeuza nyuma, kama kwamba jina sahihi lingekuwa upande wa pili.

Chumba chetu na ofisi ya meneja vilitenganishwa kwa mbao ambazo hazikufika darini, na kila lililosemwa upande mmoja lilisikika upande wa pili. Kesho yake, wakati wa chai, ambayo siku hizo tulikunywa kavu na kipande cha muwa pembeni, tulisikia mgeni akiingia kwa meneja. Alikuwa Ta Novati, shemeji yake Ma Paskazia, mdogo wa marehemu, mwanamume mrefu mwenye sauti ya kanisani. Nilijifunza mambo yote kupitia mbao zile. Laurian hakuacha mtoto wa kiume, ila binti mmoja tu, na ukoo ulitaka Ta Novati awe omusika, yaani mrithi anayekalishwa kwenye kiti cha marehemu mbele ya ndugu wote na kuchukua nafasi yake. Ma Paskazia hakupinga omusika. Alipinga kutolewa kibanja, kwa sababu kile cha Kamachumu hakikuwa cha ukoo. Walikinunua wawili, yeye na mumewe. Shauri lilikuwa limefika barazani, nalo lingesikilizwa Alhamisi ya wiki iliyofuata. Mwenyekiti alisema angependa kuona karatasi ya msimu ya mradi, ajue mkulima anayetambuliwa ni nani. "Nami nimeipata hapa kaunta kwenu," alisema Ta Novati. "Kijana wako kaichapa mara tatu, na mara tatu kaka yangu ametokea. Mjane kaenda kubadilisha jina kabla ukoo haujakaa. Hata mashine imemkatalia."

Meneja wetu, Bwana Kabyemera, alikuwa mtu mwangalifu aliyependa kila jambo liwe na sababu, na sababu hiyo aliipata pale pale. "Si kwamba imekataa," tulimsikia akisema polepole. "Omusika hajakalishwa. Mpaka akalishwe, mahali pa marehemu ni pa marehemu. Mashine inasubiri." Editha aliweka kikombe chini. "Mchaga anajua nini kuhusu omusika?" akaninong'oneza. Nikamwambia Mushi alikaa hapa, labda aliuliza. "Aliuliza bei ya senene," alisema Editha. "Hilo ndilo nililosikia akiuliza." Lakini neno la meneja lilitoka ofisini siku ile ile, na kufikia jioni hata mlinzi alikuwa akiwaeleza watu getini kwamba mashine ya kahawa inafuata mila: haimtoi mtu mpaka mrithi wake akae.

Leo naandika jambo hili na linaonekana la kuchekesha. Halikunichekesha wakati ule, kwa sababu nililichunguza, na uchunguzi ukalithibitisha. Mimi sikuwa na njia nyingine ya kufikiri ila kulinganisha, basi nikatafuta marehemu mwingine. Nikampata mzee wa Muhutwe aliyefariki mwaka uliotangulia. Mwanawe alikuwa amekwisha kukalishwa, sherehe ilikuwa kubwa, Editha mwenyewe alihudhuria. Nikatafuta mstari wake kwenye karatasi. Jina lilikuwa la mwana. Nilikaa nikiutazama mstari ule mpaka chai ikapoa. Mzee wa Muhutwe, omusika kakalishwa: jina limebadilika. Laurian, omusika hajakalishwa: jina limegoma. Nilikuwa na chumba cha kupanga Kibeta, kitanda, meza, na ndoo ambamo nililoweka mashati pamoja na majani ya mpapai kwa kukosa sabuni, na jioni ile nilikaa juu ya kitanda nikijaribu kuelewa ni nani aliyeiambia mashine kwamba ndugu wa Muhutwe walikutana. Sikuiingizia habari hiyo. Hapakuwa na mahali pa kuiingiza. Nilifikiri labda Mushi aliandika namna ya kuhesabu siku tangu kifo, lakini hata siku ya kifo hatukuiandika. Kisha nikafikiri jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu: kwamba labda mashine inajua.

Ma Paskazia alirudi siku niliyomwahidi. Alileta mkungu mdogo wa ndizi kwa ofisi, na kahawa ya kutafuna ndani ya jani, akatugawia mbegu mbili mbili kama mwenyeji, ingawa wenyeji tulikuwa sisi. Nikamwambia jina bado. Alikaa kwenye benchi. "Wanasema inasubiri Novati akalishwe," alisema. Nikasema ndivyo wanavyosema. "Na wewe unasemaje?" Nikasema sijui. Aliitafuna kahawa yake kwa muda. "Kibanja kile," akasema, "nusu ya fedha ilitoka kwenye mikeka. Nilisuka mpaka vidole vikakataa sindano. Laurian alikuwa akisema, hapa ni petu, si pa baba yangu. Sasa ikisubiri mpaka Novati akalishwe, mimi nitakuwa nimekalishwa wapi?" Editha alikohoa. Ma Paskazia akamgeukia. "Usicheke, mwanangu. Nauliza kweli. Binti yangu yuko darasa la sita. Akitoka shuleni Ijumaa ya wiki ijayo, nimwambie aende nyumba ipi?" Akatuachia ndizi, akaondoka. Ndizi hizo tulizipika adhuhuri kwenye jiko la mlinzi.

Aliyenitoa kwenye mila alikuwa mwanamume mwenye hasira kuhusu herufi moja. Aliitwa Ta Rwegasira, wa Muleba, na kwenye orodha yetu aliandikwa Lwegasira. Kwetu sisi, R na L hukaa nyumba moja, mtu mmoja huyaandika majina yake kwa hii leo na kwa ile kesho, lakini Ta Rwegasira alikuwa na kijana wake anayefanya kazi benki, naye benki walimrudishia hundi ya baba yake kwa sababu ya L hiyo. Alikwisha kuja mwezi mmoja nyuma, nikamrekebishia. Sasa alisimama kaunta na karatasi mpya mkononi. "Nilikwambia R." Nikafungua kioo, nikamgeuzia aone: R. Akainua karatasi: L. Editha, ambaye siku zile hakuweza kujizuia, akamwambia labda mashine inasubiri omusika wake akalishwe. Ta Rwegasira alimgeukia. "Dada," akasema, "mimi sijafa. Nimekuja kwa miguu kutoka stendi. Nataka R tu."

Nilirudi kwenye kiti changu nikiwa nimechanganyikiwa zaidi, ila sasa nilichanganyikiwa kwa namna iliyo bora. Mtu huyu hakuwa marehemu, hakuwa na mrithi, hakuwa na shauri na mtu. Alikuwa na herufi. Na herufi ile ilikataa kama jina la Paskazia lilivyokataa. Nikachukua kipande cha karatasi nikaandika mabadiliko yote ya majina niliyowahi kufanya, yaliyokubali upande mmoja na yaliyokataa upande wa pili. Mzee wa Muhutwe alikuwa upande wa yaliyokubali, pamoja na wanawake wawili waliobatizwa na mwalimu mmoja aliyehama. Upande wa yaliyokataa walikuwapo Laurian, Rwegasira, na mwingine wa Kemondo ambaye hakuwahi kulalamika. Sikuona kinachowatenganisha, si umri, si kijiji, si kifo. Niliiacha karatasi ile mezani, nikaenda kula. Niliporudi Editha alikuwa ameitazama. "Hawa wa huku," akasema, akigusa upande wa yaliyokubali, "wote Mushi alikuwa bado hapa. Yule mwalimu nakumbuka, Mushi alimsalimia kwa Kihaya kibovu." Hakujua amesema nini. Mimi pia sikujua.

Sasa nilifanya jambo ambalo leo ningemfundisha mwanafunzi alifanye mwanzo kabisa, na mimi nililifikia mwisho. Nilinakili faili la wanachama kwenye diski nyingine, nikaiweka diski hiyo ndani ya bahasha, kisha nikalifuta faili hilo lote kutoka diski ya kulia. Hapakubaki jina hata moja la kusomwa. Nikaamuru mashine ichape karatasi za Kamachumu. Nilitegemea ikatae, ilalamike, au iache nafasi tupu. Ikachapa. Jina baada ya jina, wakulima wote, kwa mpangilio wao, na Laurian mahali pake, na miche yake arobaini. Editha alikuja akasimama nyuma yangu. "Umeyafuta?" Nikasema nimeyafuta. "Yote?" Yote. Akavuta kiti akaketi mbali kidogo na mashine, na nadhani ni siku ile alipoamua kwamba ni pepo.

Lakini pepo hakai pasipokuwa na mahali. Kama majina hayakuwa kwenye diski ya kulia, yalikuwa kwenye ya kushoto, ndani ya programu. Mushi alikuwa ametuachia programu yake imechapwa kwenye karatasi ndefu, kwa lugha ile ya Kiingereza kifupi kifupi ambayo watu huiandika kabla mashine haijaitafsiri kuwa lugha yake yenyewe. Nilikuwa nimezipitia karatasi hizo mara nyingi kuanzia pale ambapo kazi inaanza, nikiruka ukurasa wa kwanza kama mtu anavyoruka dibaji. Sasa nilisoma dibaji. Karibu na mwanzo palikuwa na mstari ambao siku zote niliudhani ni maelezo tu. Kwa Kiswahili changu ulisema hivi: wakati wa kutafsiri, fungua faili la wanachama, soma safu ya kwanza mpaka ya thelathini, ziweke hapa. Safu ni nafasi ya herufi moja, na safu thelathini za kwanza za kila mkulima zilikuwa namba na jina lake. Yaliyobaki kwenye faili mstari ule haukuyagusa. Nilisoma maneno matatu, wakati wa kutafsiri, pengine mara ishirini. Haukusema wakati wa kuchapa. Mashine ilikuwa imelisoma faili siku moja tu, siku Mushi alipoitafsiri programu yake kwa mara ya mwisho kabla ya kuondoka, na tangu hapo majina yalikuwa sehemu ya programu, kama mchanga ndani ya tofali. Mibuni na kilo iliendelea kuvisoma upya kila siku kutoka faili la msimu. Ndiyo sababu mstari mmoja ulikuwa na umri wa aina mbili. Mzee wa Muhutwe alibadilishwa Mushi akiwa hapa. Ma Paskazia alikuja amekwisha kuondoka. Mushi alifanya hivyo kwa sababu nzuri, diski zilikuwa ndogo na za polepole, na majina hayabadiliki kila siku. Ila alisahau kumwambia mtu.

Ma Paskazia alipokuja tena nilijaribu kumweleza kuhusu tafsiri, akanitazama jinsi mtu anavyomtazama mgonjwa wa homa. Ndipo nikamwambia hivi: ukitengeneza pombe ya rubisi, unaivisha ndizi shimoni, unazikamua, unapata maji yake. Sasa ukirudi shimoni ukatoa ndizi moja ukaweka nyingine, maji yaliyo kwenye mtungi yatabadilika? "Hapana," akasema. Basi mimi, nikamwambia, nimekuwa nikibadilisha ndizi shimoni, na karatasi inatoka mtungini. Alifikiri. "Kwa hiyo hakuna anayemsubiri Novati." Nikasema hakuna. Mabega yake yalishuka, nikaona kwamba muda wote huo, kama mimi, alikuwa ameamini kidogo. "Basi kamueni upya, waitu," akasema. "Alhamisi ni keshokutwa."

Kukamua upya kulihitaji diski ya kutafsiria, nayo ilikuwa ndani ya kabati la meneja. Bwana Kabyemera alinisikiliza akiwa amesimama, funguo mkononi. Aliogopa, na hakuwa mjinga kuogopa: programu ikiharibika, vijiji vyote vingekosa malipo ya msimu, na Mushi alikuwa mbali. "Na kama ni mila kweli?" aliniuliza. "Kama tunamtoa marehemu kabla ya wakati?" Nikamwonyesha ile L ya Ta Rwegasira. Aliitazama muda mrefu kuliko nilivyotegemea. "Huyu ninamjua," akasema hatimaye. "Yu hai kabisa. Jana kanidai." Akafungua kabati. "Nakili kwanza kila kitu. Ukiharibu, utakwenda mwenyewe Moshi kumwambia." Nilinakili kila kitu, nikaanzisha kutafsiri, na mashine ikasimama mara moja ikisema haioni faili la wanachama. Kisha Editha, bila kusogea kwenye kiti chake cha mbali, akauliza kama si lile nililolifuta. Lilikuwa bado ndani ya bahasha. Nikalirudisha. Mashine ilitafsiri karibu saa nzima, umeme ukasubiri pamoja nasi, na karatasi iliyotoka baada ya hapo ilisema Paskazia. Mstari wa Ta Rwegasira ulikuwa na R.

Alhamisi nilipanda Kamachumu kwa lori la mradi, karatasi ikiwa ndani ya shati ili isilowe. Baraza lilikaa katika darasa la shule ya msingi, wazee wamebanwa kwenye madawati ya watoto, wanawake dirishani. Ta Novati alitoa karatasi yake. Nami nikatoa yangu. Mwenyekiti, katekista mstaafu mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliziweka sambamba. "Hizi zimetoka kwenye mashine moja?" Ndiyo, Ndugu Mwenyekiti. "Msimu mmoja?" Ndiyo. "Na zinataja watu wawili." Ndiyo. Nikaanza kueleza kwamba ile ya kwanza ilikuwa na majina ya zamani ndani ya programu. "Ndani ya nini?" akauliza mzee mmoja. Mwingine akamjibu, "Ndani ya tumbo," na darasa likacheka. Nilieleza tena, kwa ndizi na mtungi, na safari hii hata mimi sikujielewa vizuri. Ta Novati alisimama. "Ndugu Mwenyekiti, mashine moja, maneno mawili. Kijana huyu aliingia ndani yake jana. Ya kwanza ilichapwa kabla hajaingia. Mimi nasema ile isiyoguswa ndiyo ya kweli." Nikaona vichwa vikikubali. Lilikuwa neno zuri. Kama ningekuwa dawatini ningekubali.

Mwenyekiti alivua miwani, akaifuta, akavuta karatasi ya Ta Novati karibu na uso. "Tuseme hii ndiyo ya kweli," alisema. "Nisomee mibuni." Ta Novati akasoma mia mbili na kumi. "Na mwaka jana, kaka yako akiwa hai?" Karani wa kijiji akasema mia moja na sabini. "Arobaini imezidi. Alipanda nani?" "Kaka yangu, Ndugu Mwenyekiti. Kibanja ni chake." "Alipanda lini?" Wote darasani walikuwa wamehudhuria mazishi ya Laurian, na wote walijua yalikuwa kabla ya mvua za kupandia. Dirishani mwanamke mmoja akasema, si kwa sauti kubwa, "Labda alisukuma toka chini." Mwenyekiti hakucheka. Alimgeukia Ma Paskazia, aliyekuwa amekaa na binti yake kwenye dawati la mbele kabisa, akamuuliza ni nani aliyepanda. "Mimi," alisema. "Huyu alinishikia kamba ya kupimia." Na ndivyo ilivyokwisha. Kipande kingine kidogo, cha urithi, kilichokuwa karibu na nyumba ya babu yake Laurian, kilirudi kwa ukoo, na Ta Novati akakalishwa huko kwa heshima zote. Kibanja cha kununua kilibaki kwa aliyekinunua. Mwenyekiti aliikunja karatasi ya kwanza, ile yenye makosa, akaiweka kwenye jalada la baraza. Ya pili, ambayo niliibeba ndani ya shati, alinirudishia. "Hii hatukuihitaji," aliniambia kwa upole.

Nimelifikiria hilo mara nyingi, na nililifikiria tena chini ya turubai. Karatasi sahihi, niliyoipata kwa wiki nzima ya kutoelewa, haikusaidia kitu barazani. Iliyosaidia ni ile yenye nusu ya kale na nusu ya sasa, kwa sababu kila mtu mle ndani aliweza kuona pale ilipoungwa. Sijui nifanye nini na jambo hilo. Wanafunzi wangu nawaambia tu wajue ni kipi mashine inasoma wakati wa kutafsiri na kipi inasoma wakati wa kazi, na wamwachie neno atakayefuata. Karatasi ya pili ilipata kazi yake baadaye, siku ya malipo. Ma Paskazia alikuja Miembeni na binti yake, wakavua ndala mlangoni ingawa hawakuwa na haja ya kuingia, na printa ikagonga hati yake ya kwanza kwa jina lake mwenyewe. Binti aliisoma kwa sauti, kama alivyofundishwa darasani, jina la mama yake kwanza, kisha mibuni, kisha kilo, na mwisho, baada ya makato ya dawa na magunia, shilingi elfu moja mia mbili themanini na sita na senti arobaini.